Sketi ya Kijani ya Bibi

Kisvölgy, 2 Februari 1993

Mpendwa Dada Malvina,

Leo ni tarehe mbili Februari na ninaahidi kukueleza kila kitu, hata yale yatakayonifanya nionekane mbaya. Mwalimu Halmos anasema barua inayoficha mambo ni bahasha tupu yenye stempu.

Ijumaa ya wiki ijayo tuna kanivali ya shule, na mwaka huu si ya kucheza tu. Mshindi wa kila darasa atapelekwa kwa basi hadi Pécs, Jumamosi tarehe ishirini, kwenye kanivali kubwa ya watoto katika jumba la utamaduni. Pécs, Dada! Tangu Krismasi sijakuona. Mama anasema nauli iliyopo ni ya kukuleta nyumbani Pasaka tu. Kwa hiyo nimeamua kushinda.

Nitakuwa mchirizi wa barafu, ule unaoning'inia kwenye ukingo wa paa. Bibi amenipa pazia la lesi, lile lililochanika upande mmoja, nami ninalishonea karatasi za chokoleti za rangi ya fedha. Usicheke. Kama una utepe wowote wa rangi ya fedha, nitumie haraka.

Mwenzangu wa dawati bado ni Bogi Tarnai. Nilimwuliza atavaa nini, akajibu, "Mjipsi," kama mtu anayesema paka. Kisha akakumbuka ameketi na nani, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Si kama nyinyi, Szidi," akasema. "Mjipsi wa kanivali tu." Nikamwambia haina neno. Kila mwaka kuna Mjipsi mmoja, kama vile kuna daktari mmoja na mharamia mmoja, na hajawahi kuwa mmoja wetu. Sisi tunaojiita Waroma nyumbani huwa tunavaa kitu kingine kabisa siku hiyo, na tunajitahidi kisiwe na rangi nyingi.

Bibi anakusalimu. Anasema: mwambie Chirikli wangu, kindege changu, kwamba tarehe kumi na nne Machi, siku ya wazazi, nitakuja bwenini kumwona, kwa kuwa mama yenu atakuwa zamu kiwandani. Ameanza kuulizia mabasi. Ndege aliyemchora nyuma ya bahasha ana mabawa matatu, lakini anasema ndivyo alivyokusudia.

Mdogo wako akupendaye,
Szidi


Pécs, 6 Februari 1993

Mdogo wangu Szidi,

Utepe huu hapa. Ni wa Kinga, ninayelala naye chumba kimoja. Ulikuwa umefunga boksi la kofia. Nilipomwambia mdogo wangu atakuwa mchirizi wa barafu alicheka sana, akasema familia yetu ina vituko. Kinga ni mtu mzuri. Baba yake ni daktari wa meno, na anapenda kuniuliza habari za nyumbani. Nywele zangu zinamshangaza, nami humweleza hili na lile.

Una bahati. Wasichana wa bweni letu ndio tutakaogawa maandazi kwenye hiyo kanivali. Nitakuwa kwenye meza iliyo karibu na mlango, nikinyunyiza sukari. Ukishinda, njoo mezani polepole, tusalimiane vizuri. Usipige kelele, na usiniite Chirikli mbele ya watu. Nina miaka kumi na sita sasa.

Mwambie Bibi asijisumbue siku ya wazazi. Ni kukaa kwenye viti vidogo na kusikiliza hotuba, na basi linachukua nusu ya siku, na goti lake halitaki baridi. Nitakuja Pasaka. Na tafadhali asichore tena ndege kwenye bahasha. Msimamizi huziweka barua zetu kwenye rafu ya ukumbini na kila apitaye anaziona.

Bogi mwache. Usiseme kitu. Hata ukisema, watakuambia huna ucheshi, na kanivali itaendelea kama kawaida.

Shona kwa uzi mweupe, si wa kijivu.

Malvina


Kisvölgy, 9 Februari 1993

Mpendwa Dada,

Asante kwa utepe. Sasa nisikilize, maana nimekasirika hata mwandiko wangu umelala.

Jana Bogi alikuja kwetu. Peke yake, mara ya kwanza tangu tuanze shule. Mama yake alimtuma aje kuomba kitambaa chochote kikuukuu "cha Kijipsi" ili vazi lake likamilike. Mengine alikuwa ameshayavaa tayari: sweta lililochanika viwiko, mto wa kitandani tumboni, jino moja limepakwa rangi nyeusi, na kuku wa kitambaa chini ya kwapa. Bibi alikuwa anakaanga viazi. Akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Na wewe ni nani ndani ya nguo hizo?"

"Mjipsi, Bibi."

"Mjipsi yupi? Ana jina?"

Bogi akanitazama mimi. Nikatazama viazi.

"Na huyo kuku?"

"Nimemwiba," akasema Bogi. "Yaani, yeye ndiye kamwiba. Mjipsi."

"Kuku wa pamba!" Bibi akacheka mpaka akashika meza. "Hata mwizi wenu hajui kuchagua. Vua takataka hizo, mwanangu. Kanawe jino."

Halafu akafungua sanduku, Dada, akatoa sketi ya kijani. Ile ya marinda, yenye mawaridi, aliyoivaa Mama alipoolewa. Ile niliyoahidiwa nitakapofikisha miaka kumi na mitano. Nilidhani anaitoa ili Bogi aione tu. Akamfunga kiunoni! Akamfundisha kufunga kitambaa cha kichwa kwa fundo la nyuma. Akamfundisha kutembea. "Usirukeruke. Mwanamke aliyevaa sketi hii harukiruki. Anafika." Bogi akapita jikoni huku na huku, marinda yakizunguka, na Bibi akapiga makofi. Mimi sijapigiwa makofi kwa mchirizi wangu hata mara moja. Niliambiwa tu nisimwage gundi.

Nikasema, "Bibi, hiyo ni yangu."

"Wewe una pazia."

"Lakini akishaivaa yeye..."

"Najua akishaivaa yeye inakuwaje. Unanifundisha mimi?"

Wewe unajua. Sketi iliyovaliwa na mtu wa nje hairudi sandukuni mwetu. Haioshwi tena katika beseni letu la sketi. Nami siwezi kuivaa kamwe. Bibi ameigawa sketi yangu kwa msichana aliyekuja na kuku wa pamba, na nilipomwuliza kwa nini alisema, "Kula viazi." Nikakataa viazi. Baadaye nilivila vikiwa vimepoa.

Sijawahi kumwonea mtu wivu namna hii. Bogi ana baiskeli, na ana chumba chake mwenyewe, na sikuwahi kujali. Lakini sasa ana mikono ya Bibi kiunoni mwake.

Bibi anataka kusema neno, naandika kama anavyosema: Chirikli wangu, mimi ni mzima, goti tu linauma kwa ndani. (Linauma pia kwa nje, alianguka kwenye theluji.) Kula vizuri. Usilale na nywele mbichi. Ndege nitamchora, kwa sababu sijui kuandika jina langu, na yule ndege ndiye jina langu. Kama msimamizi hapendi ndege, atazame pembeni. Na baridi nimeshakutana nayo kubwa kuliko ya huko Pécs. Nitakuja. (Nilimwambia ulivyosema kuhusu hotuba. Anasema anapenda hotuba.)

Mdogo wako,
Szidi


Kisvölgy, 13 Februari 1993

Mpendwa Dada,

Sikushinda. Naanza na hilo ili usisome ukitumaini.

Bibi alikuja shuleni. Alivaa sketi ya kahawia na koti la Baba, akaketi benchi la mwisho karibu na hita. Sijui kama alikuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya sketi, na hilo nalo liliniuma.

Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa anatangaza kwa kipaza sauti. Kila mtu alikuwa ameandika vazi lake kwenye karatasi. Mimi niliandika vizuri, kwa herufi kubwa: MCHIRIZI WA BARAFU. Nilipotoka alikuwa ameshika karatasi hiyo lakini hakuisoma, alinitazama. Lesi nyeupe, na mimi ndani yake.

"Na sasa, oho! Bibi harusi wa Kijipsi! Mwaka huu tuna harusi!"

Ukumbi ukacheka. Mwalimu wa muziki akaanza kupiga wimbo wa harusi kwa kodiani. Nikamkaribia mwalimu mkuu nikasema, "Mimi ni barafu."

"Barafu nyeusi hivi sijapata kuiona, mwanangu," akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa pipi. Kipaza sauti kilikuwa wazi.

Nikazunguka jukwaa kama tulivyofundishwa, nikashuka. Karatasi zangu za fedha zilikuwa zinalia, zile nilizozishona karibu karibu. Utepe wako ulikaa vizuri. Hilo nataka ulijue.

Kisha akaingia Bogi. Mama yake aliiona sketi peke yake haichekeshi. Mto wa kitandani ulikuwa umerudi, safari hii chini ya sketi ya Bibi, mpaka marinda ya mbele yametanuka yote. Masizi usoni. Jino jeusi. Kuku. Akamshika jaji mkono akamtabiria atakuwa na wake wawili, akajifanya anamvua saa. Watu walicheka mpaka wakajifuta macho. Nilimtazama Bibi. Alisimama, akafunga vifungo vya koti kuanzia chini hadi juu, akatoka. Hakufanya haraka. Bogi akamwona. Alikuwa ameshika saa ya jaji mkononi, akasahau kinachofuata, akabaki amesimama tu kinywa wazi. Wakadhani naye anaigiza. Wakapiga makofi zaidi.

Amepata nafasi ya kwanza. Mimi nimepata daftari la kuchorea, na cheti kilichoandikwa "Bibi harusi." Nimekiweka kwenye jiko la kuni. Mama akasema ningeweza kuandika upande wa nyuma.

Nilimkuta Bibi anamenya vitunguu. Nikamwuliza tena kwa nini alimpa.

"Kwa sababu angetoka tu," akasema. "Hata nisingempa kitu angetoka, na sweta lake na jino lake. Nilifikiri, kama lazima mtu apande jukwaani akiitwa mimi, basi na apande amepigwa pasi."

"Ungenipa mimi, Bibi."

"Wewe ungeivaa?"

Wewe unajua jibu, Dada. Nisingeivaa shuleni hata kwa fimbo. Nilikuwa najificha ndani ya pazia. Hicho ndicho kinachonichoma. Bogi amekuwa sisi kwa muda wa wimbo mmoja na akapigiwa makofi. Mimi ni sisi tangu nizaliwe, nikajivika barafu, na bado wakaniona, na wakacheka. Sasa anakwenda Pécs, kwenye meza yako ya maandazi. Ningekuwa na ujasiri ningemtilia msumari kwenye gurudumu la baiskeli.

Badala yake nimempa mkate. Bibi alioka bokoli, mkate wetu, mkubwa kama gurudumu la gari la mtoto, akaniambia niufunge katika kitambaa safi na kumpa Bogi akuletee. Nilimwelekeza ulipo. Nilimwambia una kovu dogo juu ya nyusi, kwa sababu hajakuona tangu uondoke. Alisema, "Szidi, Bibi yako amenikasirikia?" Nikasema sijui. Nilijua, lakini nilitaka asijue.

Mdogo wako,
Szidi


Pécs, 16 Februari 1993

Szidi wangu,

Nimesoma barua yako bafuni kwa sababu ndiko kwenye mlango unaofungwa.

Wewe ni barafu. Mwalimu mkuu ni mjinga mwenye kipaza sauti. Siwezi kusema zaidi bila kuandika maneno ambayo Mwalimu Halmos angekusahihishia.

Nakuomba jambo moja. Mwambie Bogi asijisumbue na mkate. Wanakataza vyakula vya kutoka nje katika ukumbi ule. Na sina hakika kama nitakuwa mezani, huenda wakanibadilishia kazi. Asinitafute. Mwambie kabla ya Jumamosi, tafadhali.

Unamwonea Bogi wivu kwa sababu ya makofi. Nikuambie mimi ninamwonea nani wivu? Wewe. Unatukanwa mchana na jioni unarudi kwa Bibi, unakataa viazi, unaulizwa maswali, unajibiwa. Hapa hakuna anayenitukana. Hakuna hata mmoja. Fikiria mwenyewe kwa nini.

Chana barua hii.

Malvina


Pécs, 22 Februari 1993

Mpendwa Szidi,

Ninaandika kwa haraka. Sikwenda kwenye kanivali, nilipatwa na homa tangu Ijumaa na msimamizi akanilaza. Kinga alinisimamia mezani. Kwa hiyo sikumwona Bogi. Pole sana kwa mkate wa Bibi, sijui uliishia wapi.

Mwambie Bibi asihuzunike tena juu ya sketi. Bila ule mto na yale masizi ilionekana kama alivyotaka yeye, marinda yote yamelala sawasawa, na fundo la kitambaa liko nyuma.

Homa imepungua. Kuhusu siku ya wazazi, bado nafikiri ni mbali mno kwake.

Akupendaye,
Malvina


Kisvölgy, 26 Februari 1993

Mpendwa Dada Malvina,

Niliahidi kukueleza kila kitu, kwa hiyo naendelea, ingawa mara hii ni vigumu zaidi.

Barua yako ya tarehe kumi na sita ilifika Jumamosi mchana. Basi lilikuwa limeshaondoka asubuhi. Siwezi kurudisha basi, Dada. Sikuichana, lakini nimeificha mahali ambapo Bibi hapekui.

Jumatatu Bogi hakuniambia kitu. Jumanne pia. Jumatano alikuja mpaka getini kwetu, akiwa na sketi mkononi imekunjwa juu ya sahani ya keki. Mama yake ameifua kwa mashine pamoja na vitambaa vya meza. Bibi aliposikia hivyo akajishika kifua: "Mungu wangu, nguo ya kiunoni imelala na vitambaa vya meza!" Hakuipokea. Lakini alimkaribisha Bogi ndani, akamwekea chai, akamwambia, "Sketi ni yako tangu siku ile. Itunze. Ukiikunja, kunja kwa kufuata marinda." Bogi akalia ndani ya chai. Nilisubiri nifurahi. Sikufurahi.

Nilipotoka nje kumsindikiza ndipo aliposema.

"Nilimwona."

"Nani?"

"Dada yako. Kwenye maandazi."

Nikamwambia haiwezekani, kwa sababu nilikuwa sijapata bado barua yako ya homa, lakini nilikuwa na ile uliyosema watakubadilishia kazi.

"Ana kovu juu ya nyusi," akasema Bogi. "Szidi, nilikuwa nimeuvua mto. Niliuvulia chooni kwenye kituo cha basi, na nikanawa jino na uso, na kuku nikamwacha kwenye kiti. Mama hajui. Nilipanda jukwaani na sketi na kitambaa tu, nikatembea vile Bibi yako alivyonifundisha. Hawakucheka hata kidogo. Jaji mmoja mwanamke akaniuliza, 'Na wewe umekuwa nani?' Ndipo nikamwona dada yako kule mlangoni. Nilifurahi sana kuona mtu wa kwetu. Nikamwita jina analoitwa na Bibi yako. Nikasema kwa sauti, 'Chirikli! Bibi amekuletea bokoli!' Watu wote wakageuka kumtazama. Yeye hakugeuka. Alikuwa ananyunyiza sukari kwenye andazi, akaendelea kunyunyiza, Szidi, mpaka andazi likawa halionekani."

Nikamwuliza ikawaje. Alisema aliposhuka na mkate hukuwepo tena. Kulikuwa na msichana mrefu mwenye miwani, nadhani ndiye Kinga.

"Akaniuliza, 'Unamtafuta nani?' Nikasema Malvina Sárközi, nimetoka kijijini kwao, nimeleta mkate wa Bibi yake. Akasema, 'Wa Bibi yake? Yule Muitaliano?'"

"Ukasemaje?"

"Nilisema ndiyo," akajibu Bogi. "Sikujua niseme nini. Nilisema ndiyo, Muitaliano. Nikaacha mkate mezani nikarudi kwenye basi." Kisha akasema, "Labda hakunitambua."

Leo imefika barua yako. Nimemsomea Bibi sehemu ya homa, naye amehangaika, anataka nikuandikie kwamba unywe chai ya maua ya mti wa linden na asali. Sehemu ya sketi sikumsomea. Dada, kama ulikuwa umelala na homa, nani alikuambia kwamba Bogi alipanda bila mto? Hakumwambia mtu ila mimi, na Kinga hajui habari za mto. Nani alikuonyesha fundo liko nyuma? Nimelifikiria sana tangu barua ifike hadi sasa. Sijui kama ulijisahau au ulitaka nijue.

Usidhani nimekasirika. Nimejaribu, haikai. Mimi nilijivika pazia ili nisionekane; wewe umejivika Muitaliano. Tofauti ni kwamba lako limefaulu. Lakini nitakuambia ukweli wote, maana niliahidi. Mwanzo nilimwonea wivu Bogi kwa sababu ya sketi, halafu kwa sababu ya makofi, halafu kwa sababu alikwenda kukuona nikabaki mimi. Sasa hayo yote yamekuwa madogo. Namwonea wivu huyo Muitaliano. Hajawahi kukuokea mkate wala kukuchana nywele, hata goti la kuumwa hana, na yeye ndiye anayeruhusiwa kuwa Bibi yako huko Pécs. Yeye hata akija na ndege wake kwenye bahasha, hakuna atakayemwambia asichore.

Sijamwambia Bibi lolote, na Bogi ameahidi hatasema. Nilimpa nusu ya chokoleti yangu, si kwa kumnunua, bali kwa sababu alivua mto.

Bibi hivi sasa yuko jikoni. Ametandika blanketi juu ya meza na anaipiga pasi sketi ya kahawia, rinda moja baada ya jingine, ingawa siku ya wazazi ni wiki mbili zijazo. Anasema akiipiga mapema italala vizuri. Ameulizia basi la saa kumi na mbili asubuhi kwa dereva mwenyewe. Ameniuliza kama vyumba vyenu vina ngazi. Ameniuliza kama Kinga anapenda bokoli, au amuokee kitu kingine.

Unaweza kunijibu kwa maneno mawili tu, lakini nijibu kwa barua ya kwanza itakayotoka huko, kwa sababu anasubiri kukata tiketi na mimi ndiye nitakayemsomea. Nimwambie aje?

Mdogo wako,
Szidi